Hedhi na Safari ya Makka: Tangu Sarif Hadi Vidonge vya Leo



Ndugu zetu wasomaji, kina mama, kina baba na nyinyi wanafunzi. Kila jamaa wa Rukoki, Kasese mjini au Bwera wanapojiandaa kwa Hijja au Umra, kuna swali linaloulizwa jikoni kwa sauti ya chini: "Na hedhi ikinikuta kulekule?" Baba hasikii, sheikh haulizwi, na mara nyingi jibu hutoka kwa jirani aliyebakiwa na vidonge. Tumeona tulizungumze kwa uwazi, maana katika dini hapana haya, na jambo lenyewe halikuanza jana.

Machozi ya Sarif

Mwaka wa 10 Hijria (632), Mtume (s.a.w.) alitoka Madina kwenda Hijja ya kuaga. Walipofika Sarif, karibu na Makka, Bibi Aisha (r.a.) akaingia hedhini. Mtume alimkuta analia. Hakumkemea wala hakumrudisha nyumbani. Alimweleza kwamba hili ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, akamwambia afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu Al-Kaaba mpaka atoharike. Bibi Aisha akasimama Arafa kama wengine, na alipotoharika akatufu. Kisha kaka yake Abdurrahman akampeleka Tan'im akahirimie Umra. Hadi leo pale pana msikiti unaoitwa kwa jina lake.

Katika safari hiyohiyo Asma bint Umays (r.a.) alijifungua Dhul-Hulayfa, mwanzoni kabisa mwa njia, naye akaamriwa aoge, ajifunge kitambaa na aingie katika ihramu. Na Bibi Safiyya (r.a.) hedhi ilimjia siku za kuondoka. Mtume aliuliza kama atawazuilia safari. Alipoambiwa kwamba alikwisha kutufu tawafu ya Ifadha, akaruhusu waondoke, na tawafu ya kuaga ikasamehewa.

Tuzingatie hapa. Wanawake watatu, hali tatu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba Hijja yake imeharibika.

Dawa katika zama za Masahaba

Huenda wengine wakadhani kuzuia hedhi kwa dawa ni uzushi wa wakati wetu. Sivyo. Abdurrazzaq (alifariki mwaka 211 Hijria) amepokea katika Musannaf yake kwamba Ibn Umar (r.a.) aliulizwa kuhusu mwanamke anayetaka kunywa dawa ya kukata damu, naye hakuona ubaya. Aliwatajia hata maji ya mti wa araki, yaani mti uleule tunaokatia miswaki. Karne nyingi baadaye Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali, alinakili kutoka kwa Imam Ahmad kwamba hakuna ubaya ikiwa dawa ni ile inayojulikana. Sharti hilo ni zito: inayojulikana, si ya kubahatisha.

Msafara ulipoacha kusubiri

Zamani hujaji wa Afrika Mashariki alikwenda kwa jahazi, baadaye kwa meli. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mtu wa huku aliweza kuifikia bahari ya Mombasa kwa treni. Safari ilichukua wiki au miezi, na siku saba za kungoja tohara hazikuwa mzigo mkubwa.

Hata hivyo, shida ya msafara usiosubiri ilijulikana mapema. Ibn Taymiyya (alifariki mwaka 728 Hijria) aliiandikia kwa kirefu, kwa sababu wanawake wa zama zake walihofia kuachwa njiani peke yao. Leo msafara ni ndege. Tiketi ni ya kikundi, tarehe haibadiliki, na fedha za kubadilisha hazipo, kwani familia imeweka akiba miaka mingi. Ndiyo maana dada zetu wanatafuta vidonge.

Vidonge vilivyotoka Meksiko

Dawa inayotumika sana ni norethisterone. Ilitengenezwa mwaka 1951 mjini Mexico City na kijana Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz. Malighafi yake ilitoka katika viazi vikuu vya mwituni. Mwaka 1957 iliruhusiwa Marekani kwa matatizo ya hedhi. Kazi yake ni kuushikilia utando wa ndani ya mfuko wa uzazi usibomoke. Ukiiacha, damu huja kwa kawaida baada ya siku 2 au 3.

Waganga wengi huandika kidonge cha miligramu 5 mara 3 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya hedhi kutarajiwa. Lakini dada, usijiandikie mwenyewe. Haimfai mjamzito, wala aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye ugonjwa wa ini, saratani ya matiti, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu. Baadhi ya dawa za kifua kikuu, kifafa na virusi vya UKIMWI huipunguzia nguvu. Tena haizuii mimba inapotumiwa hivi.

Kumbukeni pia kwamba kutoka kwetu hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 300 za kukaa garini, kisha kukaa tena ndegeni. Kukaa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda, na dawa hii nayo yaweza kuiongeza. Nyosheni miguu, simameni, kunyweni maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikikatika, nendeni hospitali mara moja.

Basi mwoneni mhudumu wa afya wiki 6 au zaidi kabla ya safari, mkiwa na tarehe za hedhi zilizoandikwa. Akina baba, hili ni jukumu lenu pia: ulizeni, sindikizeni, na msione aibu. Damu ikitoka kidogo licha ya vidonge, muulizeni sheikh kuhusu hukumu yake kabla ya kutufu.

Na yule ambaye dawa haimfai, au hataki kuitumia, asijione amepungukiwa. Kutumia ni ruhusa, si lazima. Akae Mina, asimame Arafa, alete dhikri na dua, angoje tohara yake. Njia hiyo aliipita Mama wa Waumini kabla yake, baada ya kufuta machozi.

Allah awajaalie mahujaji wetu safari njema na afya, na azikubali ibada zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.