Walitafuta dawa ya tumbo, wakaotesha nywele

Katika maduka ya dawa na vipodozi ya Dar es Salaam na Nairobi kuna kichupa ambacho vijana hukiulizia kwa jina moja tu: minoksidili. Wengi wao hawana kipara hata kidogo. Wanataka ndevu. Wanajipaka mashavuni asubuhi na jioni, wanajipiga picha kuona kama kidevu kimeanza kuwa cheusi, na ukiwauliza dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nini watakujibu bila kusita: nywele. Haikuwa hivyo. Minoksidili ni uzao wa jaribio la kutafuta dawa ya vidonda vya tumbo, jaribio lililoshindwa. Ikawa dawa ya presha, na nywele zilipotokea, waliokuwa wakiichunguza waliziona kama kero.

Mwenzake, kidonge kinachoitwa finasteridi, kina asili ya ajabu zaidi: kilianzia kwa watoto wa kijiji kimoja cha visiwa vya Karibi. Kwa miongo kadhaa hizi mbili ndizo zimekuwa dawa za kuaminika kwa upara wa kawaida wa wanaume, ule unaoanza kwa nywele kurudi nyuma pembeni mwa paji huku utosi ukipukutika polepole. Hakuna hata moja iliyobuniwa na mtu aliyekuwa akifikiria kipara.

Si kwamba kipara hakikuwa na waganga. Papirasi ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, inaagiza mchanganyiko wa mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Mtu aliyethubutu kumtoa simba mafuta alistahili nywele, walau kwa ushujaa wake. Wagiriki, kwa upande wao, waliona jambo ambalo lingefaa sana kama kuna mtu angelifuatilia: katika maandishi ya Hippocrates imo kauli kwamba matowashi hawaoti upara. Uangalizi huo ukakaa zaidi ya miaka 2,000 bila mtu kuufanyia kazi ya maana.

Aliyeufanyia kazi ni James B. Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani. Mwaka 1942 alichapisha utafiti wake juu ya zaidi ya wanaume 100 ambao, kwa sababu mbalimbali, hawakuwa na korodani zinazofanya kazi. Waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao. Hamilton alipowapa testosteroni, homoni ya kiume, baadhi yao walianza kupata kipara, hasa wale ambao baba na wajomba zao walikuwa nacho. Mambo mawili yakawa wazi kwa pamoja: homoni peke yake haitoshi, na urithi peke yake hautoshi. Vinahitajiana. Lakini ugunduzi huo haukuwa tiba. Nani angekubali kuhasiwa ili abaki na nywele?

Tuhamie Kalamazoo, mji wa jimbo la Michigan, yalikokuwa makao ya kampuni ya dawa ya Upjohn. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakemia wake walikuwa wakitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Kemikali waliyoijaribu haikuponya vidonda, ila ilikuwa na tabia moja: ilitanua mishipa ya damu na kushusha presha. Wakaigeuzageuza, wakatengeneza ndugu zake zaidi ya 200, na mwaka 1963 mmojawapo akapewa jina la minoksidili. Ilikuwa na nguvu kiasi cha kutisha. Ilidhuru mioyo ya mbwa waliopewa, na ikaonekana kwamba ingefaa tu kwa wagonjwa ambao presha yao imekataa dawa nyingine zote.

Upjohn waliikabidhi kwa Charles Chidsey, daktari na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Colorado, aijaribu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Presha ilishuka. Kisha wagonjwa wakaanza kuota nywele, na zilikuwa nywele za kweli kabisa: kwenye paji, mashavuni, mikononi, mgongoni. Malaika, vile vinywele laini visivyoonekana vizuri, viligeuka vinene na vyeusi. Maelezo ya dawa yenyewe yalikuja kukiri kwamba jambo hilo huwapata takriban wagonjwa 80 kati ya 100. Fikiria mama wa makamo aliyeponea chupuchupu kufa kwa presha, sasa anasimama mbele ya kioo akiwa na ndevu. Kwa daktari wa moyo hilo lilikuwa ni madhara ya dawa, la kuandikwa kwenye faili na kuombewa radhi.

Chidsey akaomba ushauri kwa wenzake wa ngozi, na hapo ndipo anapoingia Guinter Kahn, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani na kukulia Nebraska baada ya familia yake kuwakimbia Wanazi. Kahn alitazama nywele zile zile, akaona kitu kingine. Kama dawa hii inaotesha nywele mahali zisipotakiwa, je, ukiipaka mahali zinapotakiwa? Yeye na daktari mwenzake Paul Grant wakaisaga, wakaichanganya kwenye kimiminika, wakajipaka mikononi. Nywele zikaota pale pale walipopaka.

Kwa maoni yangu hadithi nzima ya dawa za kipara imo katika tukio hilo dogo, na kilichofuata kinaeleza vizuri vilevile dunia ya dawa ilivyo. Kahn na Grant walitaka uvumbuzi huo utambuliwe kuwa wao. Upjohn waliona kwamba dawa ni yao, wagonjwa wa majaribio ni wao, na daktari wa kupaka hakuwamo kwenye mkataba. Hataza ya kwanza, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa na jina la Chidsey peke yake. Mvutano ukaendelea miaka mingi, hadi hataza ya mwaka 1986 ilipotolewa ikiwa na majina mawili, la Chidsey na la Kahn.

Wakati huo vidonge vya minoksidili vilikuwa sokoni tayari. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliviidhinisha mwaka 1979 kwa jina la Loniten, kwa presha tu. Lakini siri ilikuwa imeshavuja. Kulikuwa na madaktari waliowaandikia wagonjwa wenye vipara vidonge vya presha visagwe na kupakwa. Upjohn walipoomba idhini ya dawa ya kupaka walitaka iitwe Regaine, neno ambalo kwa sikio la Mwingereza linaahidi kurudishiwa kilichopotea. FDA wakakataa kwa sababu jina lilikuwa linaahidi kupita kiasi. Ikawa Rogaine, ikaidhinishwa Agosti 1988, na ilitolewa kwa cheti cha daktari tu. Ng'ambo ya Marekani jina la Regaine liliruhusiwa, na bado lipo. Mwaka 1989 mamlaka hiyo hiyo ikapiga marufuku vimiminika vyote vya kuotesha nywele vilivyokuwa vikiuzwa huria bila ushahidi. Mafuta ya simba yakafika mwisho wake kisheria.

Wateja waligundua mapema kwamba si muujiza. Inasaidia utosini kuliko mbele, inachukua miezi, na ukiacha, nywele ilizoziokoa zinaanguka ndani ya miezi michache. Mwaka 1996 haki ya pekee ya Upjohn ilikwisha na dawa ikaanza kuuzwa bila cheti. Ndiyo njia iliyoifikisha kwenye mashavu ya vijana wetu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye kijiji cha Salinas, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Dominika. Kwa vizazi kadhaa katika familia fulani za huko walizaliwa watoto walioonekana kuwa wasichana. Walipewa majina ya kike, wakavishwa magauni. Walipofika umri wa kubalehe sauti ikanenepa, misuli ikajaa, korodani zikashuka, uume ukakua. Wanakijiji waliwaita kwa neno lao, güevedoces, lenye maana ya korodani kwenye miaka 12. Hawakuhitaji profesa kuwaambia kuna jambo. Walikuwa na jina lake, na wengi wa watoto hao waliishi utu uzima wao kama wanaume.

Julianne Imperato-McGinley wa Chuo Kikuu cha Cornell alikwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science habari za watu 24 wa familia 13. Miili yao ilikosa kimeng'enya kinachobadili testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, ambayo kwa ufupi huitwa DHT. Tumboni mwa mama, DHT ndiyo inayounda maumbile ya nje ya mtoto wa kiume. Bila hiyo mtoto huzaliwa akifanana na msichana, hadi testosteroni ya ujana ianze kumiminika na kufanya kazi kwa wingi wake.

Kilichowavutia watafiti wa dawa kilikuwa katika maelezo ya wanaume hao wakiwa watu wazima. Ndevu zao zilikuwa haba. Tezi dume zao zilibaki ndogo. Nywele zao hazikurudi nyuma.

Habari hizo zilimfikia Roy Vagelos, aliyekuwa akiongoza utafiti katika kampuni ya Merck. Yeye naye hakutazama nywele. Alitazama tezi dume, kwa sababu wazee wengi duniani huamka usiku mara nne tano kwenda msalani na kusimama pale wakisubiri. Kama kungekuwa na kidonge cha kuzuia kimeng'enya kile kile walichokikosa watu wa Salinas, tezi ingesinyaa bila kisu. Kidonge kilipatikana: finasteridi ya miligramu 5, iliyoidhinishwa mwaka 1992 kwa jina la Proscar. Desemba 1997 ikafuata ya miligramu 1 kwa ajili ya kipara, Propecia. Katika majaribio yaliyohusisha wanaume 1,553, baada ya miaka miwili wanaume 83 kati ya 100 waliomeza dawa walikuwa hawajapoteza nywele katika sehemu iliyohesabiwa; kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 28.

Kahn alipigania jina lake akalipata. Watu wa Salinas hawakuwa na mahali pa kulipigania. Hataza huandikwa kwa jina la mvumbuzi, na kuzaliwa na mwili wa namna fulani hakuhesabiwi kuwa uvumbuzi.

Wanaume wajanja waligundua kwamba Proscar na Propecia ni kitu kimoja, wakanunua kidonge kikubwa na kukikata vipande vinne kwa kisu cha jikoni. Ujanja huo una hatari yake nyumbani: mjamzito hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika, kwa kuwa kinaweza kumfanyia mtoto wa kiume aliye tumboni kile kile kilichotokea Salinas. Finasteridi pia hushusha kwa takriban nusu kipimo cha damu cha PSA kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume, hivyo anayeimeza bila kumwambia daktari anaweza kuambiwa yuko salama kumbe hayuko.

Michezo nayo iliguswa. Mwaka 2005 wakala wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, iliiweka finasteridi kwenye orodha kwa hofu kwamba inaficha nyingine. Zach Lund, Mmarekani wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa kitoroli, alikosa Olimpiki ya Turin ya 2006 kwa kidonge cha nywele ambacho alikuwa akikitaja kwenye fomu zake miaka yote. Romário, mshambuliaji wa Brazili, akakumbana na katazo hilo mwaka 2007. Mwaka 2009 ikaondolewa kwenye orodha. Lund hakurudishiwa Turin yake.

Kesi nzito zaidi ni ya madhara. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba wachache hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa, na ilisemwa kuwa hali hiyo hupita mtu akiacha. Wako waliosema kwao haikupita. Mwaka 2012 FDA iliagiza jambo hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya finasteridi, nyingi za taarifa zilizopokelewa zikitoka kwa watumiaji wa kidonge cha miligramu 1. Mzee anayezuiwa mkojo na kijana anayechungulia kioo wanameza dawa moja, lakini hawana sababu sawa ya kuvumilia.

Labda ndiyo maana madaktari wa ngozi wa nchi kadhaa, Australia wakiwa mstari wa mbele, wameigeukia tena minoksidili, safari hii ile ya kumeza. Wanaandika dozi ndogo ya kidonge cha presha cha mwaka 1979, wakitaka kwa makusudi yale madhara aliyoyaona Chidsey. Jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2024 lililinganisha miligramu 5 za kumeza na ile ya kupaka kwa wanaume 90, na ya kumeza haikuonekana kuwa bora. Wanaoipenda wanasema angalau haichafui mto. Na wanaoimeza bado huota malaika kwenye paji na mashavuni, na baadhi yao huenda kunyoa.