Ukadiriaji wa unasaji wa mashapo mabwawani

Ukadiriaji wa unasaji wa mashapo ni kazi ya kihaidrolojia ya kukisia ni sehemu gani ya tope, mchanga na changarawe iletwayo na mto itakayobaki bwawani. Kiwango hutajwa kwa asilimia: bwawa likipokea tani 100 na kupitisha tani 5, limenasa asilimia 95. Makadirio hayo ndiyo msingi wa kupanga umri wa bwawa.

Mchoro wa Brune

Njia iliyoenea kuliko zote ni mchoro wa Mmarekani Gunnar Brune wa mwaka 1953, uliotokana na takwimu za mabwawa 44 ya Marekani. Mchoro hulinganisha ujazo wa bwawa na maji yanayoingia kwa mwaka. Bwawa linalomudu kuhifadhi maji ya mwaka mzima hunasa takriban asilimia 97. Lenye ujazo wa sehemu moja ya kumi ya maji hayo, takriban 85. La sehemu moja ya mia, chini ya nusu. Mhandisi huhitaji namba mbili tu, na wepesi huo umeufanya mchoro udumu. Hata hivyo, hutoa wastani wa miaka mingi, hivyo mwaka wa mafuriko na wa ukame huonekana sawa.

Ujifunzaji wa mashine

Ili kuonyesha tofauti hizo za mwaka hadi mwaka, modeli za kompyuta, hasa mitandao ya neva bandia na misitu nasibu, hulishwa kumbukumbu za mvua, maji yanayoingia, umri wa bwawa na ujazo uliobaki. Hufunzwa kwa sehemu ya kumbukumbu, kisha hupimwa kwa miaka ambayo hazijaiona. Mfano mashuhuri ni Gobindsagar nchini India, bwawa lililo nyuma ya ukuta wa Bhakra wenye kimo cha mita 226 katika mto Satluj, ambako watafiti walitumia mitandao ya neva kufuatilia mabadiliko ya unasaji mwaka hadi mwaka.

Udhaifu wa modeli hizi ni uhaba wa vipimo. Upimaji wa kina kwa mashua yenye kipimasauti ni ghali na hufanywa mara chache. Modeli yenye data haba hukariri badala ya kujifunza. Aidha, iliyofunzwa kwa bwawa moja haiaminiki kwingine bila kufunzwa upya.

Afrika Mashariki

Makadirio haya yanahitajika pia Afrika Mashariki: bwawa la Masinga katika mto Tana, Kenya, lililokamilika mwaka 1981, hupokea mashapo mengi kutokana na mmomonyoko wa mashamba yaliyo upande wa juu wa mto.