Suryabhedana

Suryabhedana ni zoezi la yoga ya Uhindi lililo miongoni mwa pranayama, yaani taaluma ya kuongoza pumzi, na ambalo hufanywa kwa nia ya kuongeza joto mwilini. Mtendaji huketi wima, huvuta hewa kwa tundu la kulia la pua, huizuia, kisha huitoa kwa tundu la kushoto, kwa kuwa nadharia ya yoga huweka upande wa kulia pingala, mkondo wa nguvu unaonasibishwa na jua, na upande wa kushoto ida, mkondo wa mwezi. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama cha karne ya 15, hudai kwamba zoezi hili huangamiza hata minyoo, dai ambalo tiba ya leo haina sababu ya kulikubali.

Njia hiyohiyo ya pumzi huambatanishwa na mantra, yaani matamko matakatifu ya Kisanskriti, katika Gheranda Samhita, kitabu kingine cha yoga, kinapoeleza usafishaji wa mikondo ya mwili: silabi ya moto, ram, hutamkwa kimoyomoyo mara 16 wakati wa kuvuta hewa, mara 64 wakati wa kuizuia na mara 32 wakati wa kuitoa, hivyo mantra huwa ibada na wakati huohuo kipimo cha muda. Kadiri hiyo ni nzito mno kwa mwanagenzi, na wenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ujauzito hushauriwa wasizuie pumzi.