Mkojo kurudi si kupona

Huku chuoni ni msimu wa majaribio, ila leo naweka historia kidogo, maana kuna jambo la figo limenikaa kichwani.

Mnaijua stori ya mtoto aliyezidiwa na uambukizo mpaka mwili mzima ukayumba, yaani sepsisi. Homa kali, dripu, mkojo unakatika. Halafu siku moja mkojo unarudi, mtoto anaomba uji, anaruhusiwa. Kwa miaka mingi hata madaktari walihesabu kwamba hapo ndo mwisho wa stori. Hivi imani hiyo ilitoka wapi?

Turudi vitani. London, watu walifukuliwa wakiwa hai kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu, kisha baada ya siku chache figo zikasimama, wakafa. Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika habari zao mwaka 1941. Mashine ya kumshikilia mgonjwa haikuwepo.

Mwaka 1943, mjini Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, Willem Kolff akaunda figo ya bandia kwa pipa la mbao na selofani ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akavuka, na figo zake zikaamka zenyewe. Somo likabaki: mvushe mgonjwa tu, figo itajirudia.

Somo hilo si la uongo, ila ni nusu. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja hivi, na baada ya kuzaliwa haviongezeki. Mwaka 1982 Barry Brenner na wenzake walieleza kwamba vingine vikifa, vilivyobaki hubeba kazi ya wenzao kwa presha kubwa, navyo huchakaa taratibu. Kipimo cha kreatinini kwenye damu kinaweza kusoma vizuri kabisa wakati akiba imeshaliwa. Mzee wa miaka 67 ana miaka michache ya kuishi na akiba hiyo. Mtoto wa miaka mitatu je? Ana sitini mbele yake!

Mbona ilichukua muda kuonekana? Moja ya sababu ni jina. Kulikuwa na tafsiri zaidi ya 30 za figo kufeli ghafla, kila mtu na yake. Mwaka 2004 wataalamu wakakubaliana kipimo kimoja, na 2007 kikapatikana cha watoto. Hapo ndo hesabu ikaanza kueleweka. Mwaka 2012 Vancouver, Kanada, walitoa majibu ya watoto 126 walioumia figo wakiwa mahututi kwa sababu mbalimbali. Baada ya mwaka 1 hadi 3, 13 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na karibu nusu ya wote walikuwa hatarini. Jirani zetu Uganda nao, mwaka 2019, walionyesha kitu kinachofanana kwa watoto wenye malaria kali: walioumia figo walikuwa na hatari zaidi ya ugonjwa sugu mwaka mmoja baadaye.

Mwaka huohuo wa 2012 mwongozo wa kimataifa ulisema mgonjwa wa namna hii apimwe tena baada ya miezi 3. Presha, protini kwenye mkojo, kreatinini. Hakuna hapo kinachohitaji mashine ya Kolff. Shida ni kwamba mtoto anacheza mpira, haumwi popote, na nauli ya kurudi kliniki inashindana na unga. Nani atarudi?

Kwa hiyo wadau, kama kwenu yupo mtoto aliyewahi kulazwa hivyo na mkojo ukakatika, mwambieni mama yake asingoje mtoto avimbe miguu. Aulize tu: presha yake na mkojo wake vimepimwa lini?

Haya, narudi kwenye notsi. Alamsiki.