Sarafu Zilizookoka Tanuri

Watu wengi wakishika sarafu huuliza jambo moja tu: itanunua nini? Mkusanyaji wa sarafu za kale huuliza mambo matatu: ilipigwa mwaka gani, ilipigwa wapi, na imewezaje kudumu hata leo. Swali la tatu, msomaji, ndilo gumu kupita yote, na dola za kale za Marekani zatuonyesha ugumu wake.

Sheria ya mwaka 1792 ilianzisha kiwanda cha serikali cha kupigia sarafu mjini Philadelphia, na dola za kwanza za madini ya fedha zilitoka huko mwaka 1794. Baadaye fedha tele ilichimbwa Nevada, na mwaka 1878 ikaanza kupigwa dola iitwayo kwa jina la mchoraji wake, George T. Morgan, mzaliwa wa Uingereza. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke, mfano wa Uhuru. Upande wa pili una tai. Katika sehemu kumi za dola hiyo, tisa ni fedha na moja ni shaba.

Itazame vizuri chini ya tai. Ukiona S, ilipigwa San Francisco. CC ni Carson City. O ni New Orleans. Isiyo na herufi yatoka Philadelphia. Alama hiyo ndogo yaweza kuizidishia dola thamani mara nyingi. Dola za San Francisco za mwaka 1893, kwa mfano, zilipigwa 100,000 tu, nazo hutafutwa sana.

Lakini wingi wa zilizopigwa si wingi wa zilizobaki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilihitaji fedha kwa ajili ya India. Kwa sheria ya mwaka 1918, Marekani iliyeyusha dola zaidi ya milioni 270. Hazikuandikwa kwa miaka wala kwa viwanda vyake. Tanuri likazimeza zote pamoja. Basi wakusanyaji wakabaki kukisia.

Makisio hayo yaliwaponza. Dola za New Orleans za mwaka 1903 zilipigwa zaidi ya milioni nne, lakini zilionekana kwa nadra mno, hata wajuzi wakaamini kwamba karibu zote ziliyeyushwa. Bei yake ikapanda sana. Mwishoni mwa mwaka 1962 hazina ya serikali ilifungua mifuko iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi, na tazama, dola hizo zikatoka kwa maelfu, ziking'aa kama mpya! Bei ikaporomoka mara moja.

Mwaka 1965 sheria nyingine iliondoa fedha katika sarafu za senti kumi na za robo dola, na watu wakazificha zile za zamani. Hivyo sarafu za kila siku zikawa za kale ghafla.

Ukipata sarafu ya kale, usiisugue ili ing'ae, kwa maana kuisugua ni kuiharibu. Na kila usomapo historia, kumbuka mifuko ile: kitu kisichoonekana huenda kimeangamia, au huenda bado kimefungiwa gizani, kikingoja atakayefungua.