Kuku Waliowafundisha Madaktari

Mara nyingi twasikia mtu akilalamika: “Kuku wangu wanakula mahindi hata kushiba, lakini mayai hayaonekani.” Mtu huyo tumsimulie habari za kuku wa Batavia.

Batavia ni mji wa kisiwa cha Java. Siku hizi unaitwa Jakarta. Zamani zile Waholanzi walitawala huko. Askari na wafungwa wengi waliugua beriberi: miguu hulegea, moyo huchoka, na wengine hufa. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma madaktari watafute kijidudu cha ugonjwa huo. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alibaki huko kuendelea na kazi.

Mwaka 1889 kuku wake walianza kuyumba na kuanguka, kama wagonjwa wenyewe. Akatafuta kijidudu, asikione. Baada ya miezi michache kuku wakapona bila dawa! Akauliza habari za chakula chao. Kumbe, ili kupunguza gharama, mtunza kuku alikuwa akiwapa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa: wali wa askari si wa kuku wa raia. Ndipo kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wenye pumba zake, nao wakapona.

Lakini hata mwenye akili hukosea. Eijkman alidhani mchele mweupe una sumu, na pumba ni dawa yake. Mwaka 1901 mwenzake Gerrit Grijns alieleza vema zaidi: hakuna sumu, ila kuna kitu kinachopungua. Mwaka 1912 Casimir Funk aliviita vitu vya namna hiyo vitamini. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel.

Basi, tujifunze nini? Kuku wale walikuwa wameshiba, na huku walikuwa wanakufa. Kujaza tumbo si kulisha mwili. Kuku anayetaga hutoa kila yai katika mwili wake: ute, kiini na ganda. Mahindi peke yake hayatoshi.

Ukitaka kuchanganya kilo 10 nyumbani, twaa mahindi ya kusagwa kilo 5 na nusu, pumba kilo 1, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2, ndagala kavu nusu kilo, na maganda ya konokono yaliyopondwa kilo 1. Tia chumvi gramu 25, si zaidi. Kila siku wape majani mabichi, kama lengalenga, na maji safi. Mahindi yenye ukungu usiyatie kamwe, maana hayo kweli yana sumu.

Na tukiisha kuchanganya chakula cha kuku, tutazame pia sahani za watoto wetu. Ugali mtupu kila siku, je, hauwafanyi wawe kama kuku wa Batavia?