Kikokotoo cha rubani na hesabu ya upepo wa kusi

RUBANI wa ndege ndogo anayeondoka Malindi kuelekea uwanja wa Wilson, Nairobi, ana safari ya takriban maili 228 za baharini, yaani kilomita 422, kwa mstari ulionyooka. Umbali huo haubadiliki anaporudi. Kinachobadilika ni muda, na kwa rubani muda ni mafuta.

Tuchukue ndege yenye kasi ya noti 110 hewani, yaani maili 110 za baharini kwa saa, katika msimu wa kusi, upepo ukivuma noti 20 kutoka nyuzi 150. Njia ya kwenda Wilson ni nyuzi 300 hivi. Upepo humsukuma kwa nyuma na kumpiga kidogo ubavu wa kushoto. Akielekeza pua ya ndege nyuzi 295 ili asipeperushwe, kasi yake juu ya ardhi hufika noti 127, naye hutumia saa 1 na dakika 48. Akirudi, upepo uleule humkabili. Kasi hushuka hadi noti 92 na safari huwa ya saa 2 na dakika 28. Aliyejaza mafuta ya kurudi kwa kipimo cha kwenda, hata akiwa na akiba ya dakika 30, ataishiwa kilomita 28 hivi kabla ya kufika Malindi.

Kwa miaka mingi marubani walifanya hesabu hizo kwa kisahani cha kuzungusha kwa vidole. Mwaka 1974 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-65, kikokotoo cha mkononi kilichohifadhi programu katika kadi ndogo ya sumaku. Julai 1975 wanaanga wa Marekani walikibeba katika safari ya Apollo-Soyuz. (Setilaiti ya Uhuru ilikuwa imekwisha kurushwa kutoka bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, kabla ya chombo hicho kuwako.)

Faida yake ni kwamba kanuni huandikwa mara moja tu. Baadaye rubani huingiza njia, umbali, kasi ya ndege na upepo, akapata mwelekeo, muda na mafuta. Hata hivyo, kosa lililoandikwa katika programu hujirudia kila safari bila kujionyesha. Aghalabu kikokotoo huwa kimewekwa katika radiani badala ya nyuzi, au mtumiaji huingiza kule upepo unakoelekea badala ya unakotoka. Jaribio ni rahisi: upepo ukiwa sufuri, jibu liwe noti 110 zilezile, ukiwa noti 20 usoni kabisa, liwe 90.

Programu ya pili ni ya wepesi wa hewa. Malindi iko futi 80 tu juu ya bahari; kukiwa na joto la nyuzi 30, ndege hupaa kana kwamba iko futi 1,900. Wilson, yenye futi 5,500 hivi, kukiwa na nyuzi 25 hufikia futi 8,000, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia.

Upepo wa futi 9,500 nao si lazima uwe ule unaopeperusha bendera uwanjani. Namba ya kuingiza hutoka kwa wataalamu wa hali ya hewa, na rubani huihakiki angani kwa saa yake, kila apitapo alama anayoitambua ardhini.